Siku Kaka Yako Alipokataa Kumpisha Mtu

Ghorofa ya pili, mlango wa mwisho,
Nyuma ya soko la mboga,
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa wifi yangu, mwenye ulimi mkali kunishinda,

Hujambo? Nakuuliza hujambo ya kweli, si ile ya mlangoni ya kujibiwa "sijambo" huku mtu anachechemea. Goti lililokusumbua wakati wa baridi limetulia? Shemeji bado anapoteza miwani yake na kuwasingizia watoto? Yule mpwa wetu mkubwa mwambie picha yake ya kuhitimu ipo ukutani, juu ya meza yangu ya pasi. Kila mteja anayekuja kuchukua nguo anamwona, na mimi huwaambia ni mwanangu, sifafanui zaidi.

Sisi hapa wazima. Kaka yako mzima, ana miguu yake miwili, anakula, ananung'unika. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua, ukiona bahasha nene kutoka kwangu unaanza kulia kabla hujaifungua. Usilie bwana. Hii ni barua ya majigambo. Miaka thelathini na moja nimekuandikia kumsema mume wangu, leo nimekaa kumsifu, kwa hiyo tafuta kiti nawe ukae.

Unaikumbuka zahanati yetu, ile ya milango ya buluu jirani na shule. Ulipokuja mara ya mwisho alikuwepo bado yule muuguzi tuliyemwita Sista Mrefu. Kila baada ya miezi mitatu alikuwa anawaita kaka yako na wenzake wa kisukari. Anawapima uzito na presha, anachukua mkojo, anatoa damu ya kile kipimo kinachosema sukari yako ilikuwaje miezi mitatu yote, kipimo kisichodanganyika hata ujinyime vitamu wiki nzima kabla ya kwenda. Halafu anawavua viatu na soksi, anakagua nyayo mpaka katikati ya vidole. Mwaka jana akastaafu. Tukampigia makofi, akaondoka, na siku ya kisukari ikaondoka naye.

Hakuna mtu aliyeifuta, wifi, na ndiyo maana hata wa kugombana naye sikumpata. Ilikosa mwenyewe tu. Daktari amebaki mmoja, dada wa watu, macho mekundu kwa uchovu, na muuguzi mpya mmoja wa sindano na vidonda. Kila asubuhi vinatolewa vibao ishirini na tano vya namba, na ni vya wanaoumwa siku hiyo. Mtu wa kisukari akifika dirishani, karani anamuuliza bila kuinua kichwa, "Unaumwa nini leo?" Ukisema huumwi, umekuja kupimwa, unaambiwa kapige simu uandikwe kwenye daftari la miadi. Huyo karani mtaa mzima unamwita Njoo Kesho, na hajawahi kukasirika, nadhani anaona ni cheo.

Basi nikapiga simu. Inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Siku moja nilipiga huku nanyoosha mashati kumi na mawili, la kumi na tatu nikaliunguza kola ndipo ikapokelewa. Njoo Kesho akaniambia daftari la mwezi huu limejaa, la mwezi ujao linafunguliwa tarehe mosi. Tarehe mosi ikaangukia Jumapili. Tarehe mbili nikapiga mapema, akasema limeshajaa. Nikamuuliza limejazwa na nani jana, na malaika? Akakata simu.

Dawa alikuwa anapata, nisiwe mwongo. Karatasi inaingia dirishani, vidonge vinatoka dirishani. Lakini miezi kumi na minne ikapita hakuna jicho la mtu wa afya lililomwangalia kaka yako, na mimi usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Nawe unajua kwa nini. Baba mkwe wangu mguu wake ulianza hivyo hivyo, kidole kimoja, tukasema kitapona chenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha baada ya kukatwa. Sikutaka kuona mguu mwingine wa nyumba hii ukienda.

Ikabaki njia moja, kwenda alfajiri kuchukua kibao kama wagonjwa wengine, ukishaingia kwa daktari ujieleze. Kaka yako akakubali. Mara ya kwanza akapata namba tisa. Saa nne huyo karudi. Namuuliza vipi, ananiambia kampisha mama mwenye mtoto aliyekuwa anatapika. Nikasema haya, huo ni utu. Mara ya pili namba kumi na nne, kampisha mzee mwenye kikohozi. Mara ya tatu, namba tatu, wifi, namba tatu! Kampisha fundi bomba aliyejikata kidole, eti alikuwa anadondosha damu na sakafu imetoka kupigwa deki.

Nikawaka. Nilisema maneno mengine siyaandiki humu maana watoto wako wanajua kusoma. Nikamwambia ugonjwa wake nao una adabu kama yeye, haupigi kelele, unakula polepole na hauombi chumvi. Unajua alinijibu nini? Alikaa kitandani anafungua kamba za viatu, akasema kwa upole kabisa, "Mke wangu, mimi sina homa. Nitampitaje mtu mwenye homa?" Mtu kama huyo utamfanya nini? Mlinipa mume mliyemlea vizuri kupita kiasi, lawama ni zenu.

Na hivyo viatu nivisemee kidogo. Kila akienda zahanati anavaa vile vyeusi alivyojishonea kwa ajili ya harusi ya binti yetu, miaka kumi na miwili sasa. Amevipaka rangi mpaka vinang'aa kuliko siku vilipozaliwa. Fundi viatu hawezi kuonekana kwa daktari amevaa kandambili, ndivyo asemavyo. Basi anasimama navyo foleni masaa matatu, manne, amenyooka kama bwana harusi, halafu anarudi bila kupimwa.

Mara ya nne nikafunga chumba changu cha udobi nikaenda naye. Tukapata namba kumi na moja. Kibao nilikishika mimi, nikakifumbata hivi, nikamwambia leo ukitaka kumpisha mtu uanze kwa kunipisha mimi, nipite nikurudishe kwa mama yako. Akacheka. Tukakaa kwenye benchi.

Pembeni yetu alikuwa Mwalimu, yule mama mstaafu aliyewafundisha nusu ya mtaa kusoma na bado anawasahihisha barabarani. Naye ana kisukari, naye alikuwa anazungushwa kama sisi. Kaka yako si unamjua, hatazami watu usoni, anawatazama miguuni. Salamu zenyewe huwa anazitoa kwa kiatu. Akaona kiatu cha kushoto cha Mwalimu kimefumuka mshono kisiginoni. "Mwalimu, nipe hicho nikitie nyuzi mbili tatu, foleni yenyewe haiendi." Sindano na uzi havimtoki mfuko wa shati.

Sasa yeye ana desturi yake ya kazi, na nimemwona akiifanya tangu nikiwa mchumba. Hashoni kiatu cha mtu kabla hajaingiza mkono wote ndani akapapasa mpaka mwisho, kama anatafuta yai chini ya kuku. Akaingiza mkono. Alipoutoa vidole vilikuwa vimelowa, na si jasho.

"Mwalimu, hukusikia kitu humu?"

"Kitu gani?"

Msumari, wifi. Msumari mdogo wa soli umetokeza ndani urefu wa punje ya mchele, na soksi ya Mwalimu kisiginoni imeganda damu ya jana na juu yake mbichi ya leo. Kiatu alikuwa nacho siku ya tatu hiyo. Ametembea nacho sokoni, amepanda nacho ngazi, amekaa nacho hapo benchi anamsahihisha mtoto wa watu matamshi. Hakusikia lolote, maana sukari ilishazitia nyayo zake ganzi. Mwenyewe alipoona soksi yake alimwachia yule mtoto kosa lake bila kulisahihisha, na kwa Mwalimu hilo si jambo dogo.

Kaka yako akasimama. Mimi nilidhani anakwenda kunawa. Akaenda moja kwa moja dirishani na kile kiatu mkononi. Njoo Kesho, kichwa chini, "Anaumwa nini leo?" Kaka yako akakiweka kiatu juu ya daftari lake lililofunguliwa, juu ya majina, damu na yote.

"Haumwi," akasema. "Ndiyo shida yenyewe."

Hakupaza sauti. Lakini ukumbi wote ukageukia dirishani, mpaka daktari akafungua mlango kuuliza mbona mgonjwa anayefuata haingii. Akaona kiatu, akamwona Mwalimu na mguu wake, akamwingiza ndani palepale, na wote wenye homa na vikohozi wakasogeza magoti kumpa njia.

Ikafika kumi na moja. Nainuka, kumbe kuna dada mmoja mwenye mafua, anamfahamu kaka yako na sifa zake, ameshajisogeza karibu na mlango. "Fundi, si utanipisha kama kawaida yako?" Nikafumba macho. Nikasema moyoni, haya, tumekwisha.

"Nisamehe, dada yangu," akasema. "Leo simpishi mtu."

Wifi, siku ya ndoa yetu sikufurahi hivyo. Nilikaribia kupiga vigelegele katikati ya wagonjwa.

Tumeingia, unadhani akaanza na habari zake? Thubutu! Akamuuliza daktari watu wa kisukari mtaani ni wangapi. Daktari akasema wenye kadi ni sitini na watatu, na anawawaza kila siku, lakini kukagua miguu ya mtu mmoja kunamla muda wa wagonjwa watatu wa mafua. Kaka yako akataka kujua muda huo unakwenda wapi hasa. Daktari akafikiri, akasema kwa kweli unakwenda kwenye viatu. Wengi ni wazee, kuinama hawawezi, kamba zimekaza, soksi hazitoki, na muuguzi anasimama anangoja.

Kaka yako akacheka mpaka daktari naye akacheka bila kujua sababu. "Daktari, kuwavua watu viatu ndiyo kazi yangu, mwaka wa thelathini na tisa huu."

Hapo hapo wakapanga. Alhamisi saa nane mchana, vibao vikishaisha, watu kumi wa kisukari waje. Fundi akae barazani na kigoda chake, avue viatu, apapase ndani. Nyayo zenyewe asiziguse, hizo ni za muuguzi, ambaye atapita tu mguu hadi mguu. Mwalimu, akishafungwa bandeji, aandike majina kwa ule mwandiko wake. Daktari akasema tujaribu Alhamisi moja tuone. Na damu ya kaka yako ikachukuliwa siku hiyo hiyo, mimi nimesimama mlangoni kama askari. Miguu ikaachwa mpaka Alhamisi, maana muuguzi alikuwa na Mwalimu.

Alhamisi hiyo ya kwanza tulikwenda na kigoda. Kazi ilikwenda kama maji. Watu tisa walikwisha kabla ya saa kumi, na Njoo Kesho mwenyewe ndiye aliyekuwa anaita majina, amechangamka. Siku hizi wanamwita Njoo Alhamisi. Muuguzi, kamwanamke kafupi kenye sauti ya kuamrisha, akamgeukia kaka yako. "Na wewe, fundi?" Akasema yeye aachwe, viatu vyake amevishona mwenyewe, vitakaguliwa nini? Muuguzi akamwonyesha kiti kwa kidole. Nikapiga magoti nikamvua mimi.

Kinyozi hajinyoi, wifi. Chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia kulikuwa na kidonda ukubwa wa kifungo cha shati, kingo zimekuwa nyeupe, katikati kweusi. Yeye ananiangalia usoni ananiuliza kuna nini. Nikaingiza mkono kwenye kile kiatu cheusi cha harusi. Mshono wa ndani ulikuwa umekauka na kukakamaa kwa rangi ya miaka kumi na miwili, mkali kama ukingo wa kopo. Mikono iliyopapasa viatu vya mtaa mzima, chake haikuwahi kukipapasa. Na alikuwa anakivaa siku za kwenda zahanati tu.

Niliogopa. Sitakuficha, wifi. Nilikuwa namwona baba yenu.

Daktari akaandika barua, tukaenda hospitali kubwa jioni ile ile. Wakapiga picha, wakakwangua, wakasema mfupa haujaguswa. Yule bwana wa hospitali alituambia wazi kwamba tungechelewa mwezi mmoja tu, tungekuwa tunazungumza kukata. Nilitoka nje kwanza, nikalia, nikajifuta, nikarudi nikamwambia kaka yako kulikuwa na vumbi.

Wiki saba kasafishwa kidonda kila baada ya siku moja, marufuku kukanyagia mguu ule. Kaka yako kukaa kitako unajua ni adhabu. Wiki ya kwanza alizikagua ndara zangu zote, wiki ya pili akaanza kunifundisha kupiga pasi, mimi! Lakini Alhamisi hakukosa hata moja. Fundi bomba, yule yule wa kidole, alikuwa anakuja na mkokoteni wake wa mabomba anamsukuma mpaka zahanati. Anakaa, mguu juu ya kreti, mikono kwenye viatu vya watu. Alhamisi ya saba wakamaliza wote sitini na watatu. Ndani ya viatu ametoa misumari minne, kokoto, jino la kitana, na kwa mzee mmoja kifuniko cha chupa alichokuwa anakikanyagia tangu sijui lini. Wawili walikutwa na vidonda kama chake, wanatibiwa. Wanne wamepelekwa kupimwa macho. Daktari amesema Alhamisi haitaondolewa tena, ameiandika ubaoni kwa rangi, si kwa chaki.

Vile viatu vya harusi alivichana mwenyewe kwa kisu chake cha kazi. Akaung'oa ule mshono, akauweka mezani, akautazama sana, kisha akaniomba chai.

Jumatano iliyopita kidonda kimefunga kabisa. Muuguzi akamfumba macho na kumgusagusa nyayo kwa kauzi kagumu ka plastiki ka kupimia ganzi, sehemu kumi kila mguu, aseme anaposikia. Kulia kasikia sita, kushoto saba. Na kile kipimo cha miezi mitatu kimeshuka vizuri. Amerudi nyumbani anatangaza "sita na saba" kwa majirani kama matokeo ya mtihani, na majirani wasioelewa wanampa hongera. Mtaani wanamwita Daktari wa Viatu. Yeye anawakatalia, lakini nimeona siku hizi anapita katikati ya barabara. Na mimi nikipita naye nanyoosha shingo, nakuambia ukweli. Mwache aringe. Mwanaume aliyeona aibu kusema "ni zamu yangu" amewapatia watu sitini na watatu zamu yao.

Sasa ameanza kushona viatu visivyo na mshono ndani, ngozi laini, mdomo mpana. Jozi ya kwanza ameshampa Mwalimu. Ya pili alikuwa ananificha, mpaka nikambana. Kumbe ni yako. Anasema baba alikuwa na sukari, yeye anayo, na yule mdogo wake huko aliko kila akiulizwa kama amepima anajibu ana kazi nyingi. Katika bahasha hii utaona karatasi kubwa tupu nimeikunja mara nne. Kanyagia hapo, shemeji akuchoree nyayo zote mbili kwa penseli, aitafute kwanza miwani. Kabla hajachora, geuza mguu atazame chini na katikati ya vidole. Na nyuma ya karatasi uandike majibu ya damu yako, kwa mkono wako, na tarehe uliyopimwa. Kaka yako ameapa hakati ngozi mpaka aione hiyo namba, nami safari hii niko upande wake.

Nisalimie shemeji, wapwa wote wawili, na yule mama wa jirani yako anayependa kusikiliza barua zangu. Mwambie nami nampenda. Binti yetu na mumewe wanakusalimu. Mwalimu anakusalimu, na anasema barua yako iliyopita ilikuwa na makosa mawili. Mungu akuzungushie ulinzi wake, wewe na nyumba yako, akupe miguu ya kukurudisha kwetu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukinichokoza,

Mke wa kaka yako.

Ameniomba nimwachie nafasi hapa chini aandike mwenyewe, na wewe unajua hajawahi kuandika barua maishani mwake:

Mdogo wangu. Mimi nilikuwa sisikii kitu. Nikadhani ndio uzima. Nenda kapimwe.